Mwonjaji wa Mama Furaha

Siku tuliyoondoa matanga ya Mama Furaha, binti yake alinipa kipaza sauti akaniomba niseme neno, kwa sababu mimi ndiye niliyefanya kazi na mama yake katika mwaka mgumu kuliko yote. Nikasema marehemu alikuwa mchapakazi, mkarimu, mtu wa sala. Watu wakapiga makofi. Nilipokaa niligundua kwamba nimesema maneno ambayo yangemfaa marehemu yeyote, na nikaanza, kama kawaida yangu, kujiuliza kama binti ameliona hilo, kama kaka zake wamenong'onezana, kama mchungaji aliyekaa pembeni yangu alikuwa anatabasamu au anasaga meno. Ukweli ni kwamba kulikuwa na neno moja la Mama Furaha ambalo ningependa kulisema pale, ila haliwezi kusemwa mbele ya watu wanaokula wali wa matanga. Naliandika hapa. Nitahitaji kusimulia mwaka mzima ili kulifikia.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kemia chuo kikuu na sikuwa na kazi. Nilipanga chumba Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nyuma ya gereji ya fundi mmoja aitwaye Saidi, na maisha yangu yalikuwa na harufu ya mafuta machafu ya injini na mlio wa nyundo tangu asubuhi. Dirisha lilitazama ua uliojaa milango ya magari isiyo na magari. Nilikaa pale nikisoma ujumbe wa maombi ya kazi niliyokataliwa, kila mmoja mara nyingi, nikitafuta maana ya siri katika maneno kama "tutakukumbuka". Kwa hiyo niliposikia kwamba mama mmoja wa Uvira, upande wa Kongo, mwenye alimentation, duka la vyakula, kule Kinanira mlimani, anatafuta mtu aliyesoma kemia, sikufurahi. Nilishuku. Duka linalouza mchele, sabuni na maziwa ya unga linataka kemia ya nini? Nilipanda mlima kwa miguu, maana mafuta yalikuwa yamekosekana tena na mabasi yalikuwa yamelala kwenye foleni, na njia nzima nilijibu maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mama Furaha alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuniuliza swali hata moja kuhusu kemia. Alinishika mkono akanipeleka stoo nyuma ya duka, akafunga mlango, akawasha taa. Katoni zilikuwa zimepangwa mpaka juu. "Bon, Diplômé," akasema, yaani msomi mwenye shahada, na toka siku ile hilo ndilo likawa jina langu. "Niliuza kiwanja yangu ya Uvira. Yote iko hapa. Mi nimeokoka, sinywaka pombe, siwezi kujua kama hii kitu iko muzuri ao iko mubaya. We utanionjea, utaniambia, na wateja utawaambia." Akafungua katoni moja akanitolea chupa ya whisky.

Nilikuwa sijawahi kushika chupa ya whisky isipokuwa nikiwa mgeni wa mtu. Niliigeuza taratibu. Kibandiko kilisema ni ya Uskoti, ya mchanganyiko, lakini hakikuwa na jina la kiwanda wala picha ya mzee mwenye sketi. Kilikuwa na jina la duka kubwa la chakula la huko Ulaya, na nilipolitafuta kwenye simu usiku ule nililikuta jina hilohilo kwenye sabuni ya vyombo, soksi, na chakula cha paka. Mfanyabiashara fulani alikuwa amezinunua kwa wingi Ubelgiji, akazipitisha Dar, akamuuzia Mama kwa bei ambayo mimi, nisiyejua biashara, niliona ni ndogo mno. Nikaanza kusoma. Nikajifunza kwamba whisky ya mchanganyiko si aibu: ni ya kimea iliyotiwa pamoja na ile nyepesi ya nafaka, na sheria yao inataka yote ilale kwenye mapipa ya mwaloni huko kwao miaka isiyopungua mitatu. Nikajifunza kwamba maduka makubwa hununua mapipa kwa viwanda visivyotaka kujulikana, yakabandika jina lao, na kwamba kinachokosekana kwenye chupa ya bei ndogo mara nyingi ni sifa tu. Nililala nimetulia. Nikaamka nikiwaza: na aliyeandika maneno hayo mtandaoni ni nani, na analipwa na nani?

Wateja hawakuhitaji mtandao. Bei yenyewe iliwatisha. Walikuwepo wastaafu wa serikali, walimu, vijana wa benki, watu wanaopita jioni kununua mkate na kusimama kidogo kwenye baraza ambako Mama alikuwa na jiko la brochettes, mishikaki ya kwetu. Waliishika chupa, wakaigeuza, wakairudisha. Mkubwa wao alikuwa Mzee Antoine, aliyewahi kuwa mkuu wa ofisi fulani kule Kigobe na bado alivaa tai kwenda kununua yai. "Diplômé," aliniuliza, "hawa watu wanauzisha chakula ya paka, njo hao wanapika whisky?" Nikamweleza habari ya mapipa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kubwa, halafu akasema, "Nimeelewa. Na we umeshainywa?" Nikasema bado ninaichunguza. Akairudisha chupa rafuni kwa vidole viwili, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani.

Msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Kwetu Bujumbura chupa hufunguliwa mbele ya macho yako. Mhudumu akikuletea bia iliyokwisha kufunguliwa, unaiacha mezani, na hakuna atakayekulaumu. Na kwenye sherehe, au nyumbani kwa mtu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza yeye, anameza, ndipo anakupitishia. Hatusemi sababu. Kila mtu anaijua sababu: kila ukoo una hadithi ya shangazi aliyekunywa kwa mkwe akarudi amebebwa. Kwa hiyo Mzee Antoine alipouliza kama nimeinywa, hakuwa anaulizia ladha.

Nami sikuwa nimeinywa. Nilikuwa nimeichukua chupa moja mpaka Buyenzi, nimeifunga kwenye gazeti na fulana ili Saidi, anayesali swala zote tano, asinione nayo, na jioni baada ya jioni niliitazama. Dukani nililinganisha kibandiko chake na cha chupa nyingine: kimoja kilikaa upande kidogo. Nililinganisha rangi: moja ilionekana kuiva kuliko nyingine, nikakumbuka kwamba wanaruhusiwa kutia rangi ya sukari iliyounguzwa, nikakumbuka tena kwamba hata tapeli anaijua sukari iliyounguzwa. Hofu yangu ilikuwa na jina: methanoli, ile pombe inayopofusha. Nilimimina kijiko kimoja nikakiwasha kwa kiberiti. Mwali ukawa wa buluu. Majirani wangesema ni salama. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimesoma, na nilijua mwali wa buluu hauthibitishi kitu, na kwamba mashine ya kuthibitisha ilikuwa kwenye maabara ambayo hatukuwahi kuruhusiwa kuigusa hata tulipokuwa wanafunzi. Saidi alibisha hodi. "Jirani, kuna kitu inaungua kwako?" Nikasema ni mshumaa. "Mshumaa ya harufu ya keki," akasema kutoka nje, akaenda zake.

Mchana tulikula pamoja stoo, mimi na Mama, tumekalia katoni zilezile. Alipika mwenyewe: bugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese, ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga waliokuwa bado wanalia mafuta. Alinikatia tonge kubwa kuliko lake. Nilimpenda kwa ajili ya chakula kile na nilimshuku kwa ajili ya simu yake. Ikilia, alitoka nje akaongea Kifuliru, lugha ambayo siijui, na nikitokea alihamia Kiswahili kwa sauti ya juu: "Ndiyo, ndiyo, Mungu ni mwema." Siku moja nilisimama nyuma ya magunia ya mchele nikamsikia akisema, sasa kwa Kiswahili kwa sababu aliyepiga bila shaka hakujua Kifuliru: "Usimwambie mutu. Mi mwenyewe sijamwambia mutoto." Mutoto ni mimi? Usimwambie nini? Nililirudia neno lile njia nzima ya kushuka Buyenzi. Lingeweza kuwa habari ya bei, ya ugonjwa wa ndugu, ya harusi. Nililifanya kuwa habari ya chupa. Kesho yake niliulizwa kwa nini sili, nikasema tumbo, na Mama akanipikia uji.

Katoni hazikutoka. Mwenye nyumba ya duka alianza kupita mara kwa mara na kuzungumzia mtu mwingine anayeitaka nafasi ile ili afungue duka la dawa. Mama aliacha kuimba akifagia. Ndipo Monsieur Gratien alipoingia katika maisha yetu. Alikuwa mtoto wa Kinanira aliyekaa Ubelgiji tangu ujana, amekuja likizo, na alinunua chupa mbili bila kuuliza swali. Alituambia kwamba kule kwake yumo kwenye chama cha watu wanaokutana kuonja whisky na kuzipa maksi, na kwamba hii anaijua, "pour le prix, kwa bei yake, haina shida." Mama alimtazama kama malaika. Alimwomba aje Jumamosi, baada ya kazi za pamoja za mtaa, aonje mbele ya watu na atoe hukumu. Mimi nimimine. Gratien akakubali papo hapo. Nilikesha nikijiuliza kwa nini mtu akubali upesi hivyo.

Jumamosi watu walishuka kutoka kuzibua mifereji wakiwa na majembe na makoleo, wana kiu, wamejaa tope mpaka magoti. Mama alikuwa amepanga meza barazani yenye kitambaa cheupe, glasi ndogo, na ndoo safi ya plastiki ambayo Gratien aliiomba bila kueleza ni ya nini. Mzee Antoine alipewa kiti. Kwenye kazi za pamoja pia alivaa tai. Gratien akatoa mfukoni glasi yake mwenyewe, iliyobinywa mdomoni kama ua, imefungwa kwenye leso. Minong'ono ikaanza hapo hapo. "Amekuja na glasi yake." "Ya hapa anaogopa?" Nikafungua chupa mbele ya macho yao, kifuniko kikalia vizuri, nikammiminia. Akaiinua kwenye jua. Akaizungusha. Akatia pua ndani, akafumba macho, akaitoa, akairudisha. "Anaitafuta," mtu akasema. Akadondoshea maji kidogo. Akachukua funda, akalizungusha mashavuni kwa muda mrefu, hata brochettes ziliachwa zikaungua. Halafu akainama kwa ustaarabu na kuitema yote kwenye ndoo.

Kisha mama mmoja aliyeshika koleo akasema, taratibu, "Ameitema."

"Ameitema!"

"Mutu wa Ulaya ameitema!"

Gratien aliinua mikono yote miwili. "Mais non! Wajuzi wote wanatemaka! Ni kwa sababu ya kuonja nyingi, ili usilewe!"

"Umeonja ngapi?" akauliza Mzee Antoine.

"Moja."

"Na moja imekushinda kumeza." Mzee aligeukia watu. "Mujuzi anajua iko nini ndani. Njo maana anatema."

Watu wakacheka, lakini walikuwa tayari wanafuta mikono kwenye nguo, hata wasioigusa glasi. Gratien alijitetea kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, na kila alivyojitetea ndivyo alivyoonekana kama mtu aliyeponea chupuchupu. Angeweza kumaliza jambo kwa kumeza funda moja. Nadhani alikwisha kukasirika. Alifunga glasi yake kwenye leso. Macho yakamhamia Mama Furaha, na kijana mmoja akapaza sauti: "Mama, basi we onja! Iko yako!"

"Munajua mi nimeokoka."

"Eeh! Ameokoka kwa kunywa, kwa kuuza bado!"

Mama akanitazama. Nakumbuka miwani yake ilikuwa imechafuka kwa moshi na sikuweza kuyaona macho yaliyokuwa nyuma. "Aliyemimina iko Diplômé," akasema.

Na ilikuwa kweli. Aliyemimina ndiye anayeonja kwanza. Ndiyo desturi, na mimi niliivunja tangu mwanzo kwa kumpa Gratien kabla yangu, nikidhani meza yenye kitambaa cheupe ina sheria nyingine. Nilimimina. Niliwaza kibandiko kilichokaa upande. Niliwaza "sijamwambia mutoto". Niliwaza kwamba nisipokunywa, mwanamke huyu ambaye sijui ananificha nini hatauza hata chupa moja katika mji huu, na Jumatatu duka litakuwa la dawa. Na nikinywa, huenda asubuhi nisiione Jumapili, kwa maana halisi ya neno kuona. Nikanywa. Nikameza kwa sauti ili wasikie.

Nitoe hukumu yangu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa. Mwanzo ilikuwa tamu, utamu wa sukari iliyoanza kuungua sufuriani, halafu ikaja ndizi iliyoiva mno, halafu ubao mpya, kama unapoingia karakana ya seremala. Moshi ulikuwepo kwa mbali sana. Moto wake ulikuwa mfupi na ulikaa ulimini zaidi kuliko kooni. Haikudumu: ukiisha kumeza, baada ya muda kidogo kinywa kinasahau. Ilikuwa nyepesi, nyofu, haina makuu. Maji kidogo yaliifaa kuliko barafu. Ilikuwa bora kuliko bei yake. Yote hayo niliyajua kwa pumzi moja, na hakuna hata moja lililonipunguzia woga, kwa sababu methanoli haina ladha ya kuitambulisha.

"Iko muzuri," nikasema.

"Tungojee," akasema Mzee Antoine.

Wakangoja. Hakuna aliyenunua na hakuna aliyeondoka. Walileta benchi wakaniweka katikati, wakanunua bia, ambazo zilifunguliwa mbele yao, na wakanitazama kama mechi. Mtu aliniletea brochettes na ndizi za kukaanga, akiniambia nile, tumbo tupu linadanganya. Kila baada ya muda Mzee Antoine alinipa chupa nisome maandishi madogo ya nyuma. Nilisoma. "Soma tena, ile ya chini." Nilisoma ya chini. Nilikuwa namshukuru kwa siri, kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kujua kama bado naona. Jua lilipoanza kushuka maandishi yalififia, moyo ukanipasuka, nikasema sioni, zogo likaanza, mpaka Mzee alipoichukua chupa akajaribu naye, akasema, "Hata mi sioni. Ni giza." Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Lakini walipoagana, walisema neno moja: kesho. Kesho wakinikuta, watanunua.

Nilishuka Buyenzi nikizihesabu taa za barabarani zinazowaka, nikijipima kama zina ukungu. Nililala nimevaa nguo zote.

Adhana ya alfajiri ilinikuta macho yamefunguka, na niliiona dari, nikaliona kila doa. Nikalala tena kidogo kwa raha ambayo sijaipata tangu siku ile. Kisha nikasikia Saidi akisalimiana na mtu uani, na kubisha hodi. Nilifungua. Alikuwa Mama Furaha, kichwa wazi, bila kitambaa, kitenge kimefungwa upande, ndala zimejaa vumbi la njia yote ya kutoka Kinanira. Alikuwa ameanza kutembea kungali giza. Alinishika mashavu kwa mikono miwili akanigeuza kwenye mwanga.

"Unaniona?"

"Nakuona, Mama."

"Miwani yangu iko na uzi ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Akaniachia. Akakaa kwenye mlango wa gari uliolala pale ukutani, akavua miwani, akaanza kujifuta uso kwa ncha ya kitenge. Nilisimama mbele yake. Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nakitazama, mimi ninayefikiria kila kitu.

"Mama," nikasema, "jana, uliponiambia nionje. Ulikuwa unajua ni safi?"

Hakuinua kichwa. "Sasa njo najua," akasema.

Saidi alikuwa ameinama kwenye injini, hakusikia, au alijifanya. Mama Furaha alikuwa analia, machozi mengi, bila sauti, na mpaka leo, nimeshayageuza pande zote, sijui kama alikuwa ananililia mimi au katoni zake. Alipomaliza alivaa miwani, akafunga kitenge sawasawa, akanitazama miguuni.

"Vaa viatu," akasema. "Watu wa misa ya kwanza watapita sasa hivi. Wakukute mulangoni kwa duka, umesimama."

Nilikaa kitandani nikatafuta viatu. Nilivivaa polepole kuliko inavyohitajika, ili aone kwamba nafikiria. Lakini nilivivaa, na tukapanda mlima pamoja.